Mfuko wa Njano Hautaki Baridi

Jumatano, 12 Machi

Dada, nisamehe. Daftari hili ulilituma pamoja na sabuni, ukaandika kwenye jalada, "Andika kila siku, usinifiche kitu." Leo ni siku ya ishirini tuko wodini na ndiyo kwanza nafungua ukurasa. Sina udhuru wa maana. Nikishika kalamu mmoja analia. Huyo akinyamaza, mwenzake anaanza. Basi nitaandika hivi hivi, siku nikipata upenyo, na nikipata wa kumpa nitakutumia lote ulisome kwa mkupuo mmoja.

Nianze mwanzo, maana kwenye simu nilikuwa nalia tu na hukuelewa kitu. Chiriku alianza na homa na vidonda mdomoni. Tukampa dawa, homa ikashuka, ikarudi. Siku chache baadaye nikaona alama za bluu miguuni, nikamgombeza nikidhani anapanda ukuta wa jirani. Hilo la kumgombeza linaniuma mpaka leo. Kisha vikatokea vitone vyekundu, kama ngozi imechomwachomwa na ncha ya sindano. Mwisho akapauka. Ulimi, viganja, kope kwa ndani, kote kweupe. Lakini mdomo haukupumzika, unamjua mwenyewe. Sista wa wodi anasema hajawahi kulaza mgonjwa anayeuliza maswali mengi kuliko daktari.

Daktari ni mama mmoja mpole, anaongea polepole. Alisema damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na uboho wa Chiriku umelala.

Nikamuuliza, "Umelala au umekufa?"

"Tunavyoona, umelala. Labda ni ile homa, labda ni dawa fulani. Wengine huamka wenyewe. Sisi tunamsaidia kwa damu ya watu, tunasubiri."

"Tunasubiri mpaka lini?"

"Tuvushe msimu huu wa mvua. Usipoamka hadi mwisho wa Mei, itabidi apelekwe mbali, na ya huko siwezi kukuahidi."

Ndiyo maana nahesabu mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Chembe sahani za Chiriku ni elfu nane kwenye kitone kimoja kidogo cha damu. Hizo ndizo zinazoziba palipochanika. Mtu mzima wa afya anazo laki moja na nusu kwenda juu, na mtoto hali kadhalika. Naandika nisisahau.

Jumamosi, 15 Machi

Kuna mzee wa maabara anayekuja kila asubuhi kuchukua damu. Mrefu, miguu myembamba, hasemi. Chiriku amembatiza Bwana Mbu, tena anamwita hivyo mbele yake. "Bwana Mbu kaja! Jana umekunywa, leo tena? Hushibi?" Mzee wala hatabasamu. Mimi nikamwona ana kiburi.

Leo nikamzuia mkono. "Mzee wangu, mtoto hana damu na wewe kila siku unachota. Unaipeleka wapi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Njoo uone."

Nikamfunga mdogo wake Chiriku mgongoni nikamfuata. Maabara ni chumba kidogo, kina sinki na meza ndefu chini ya dirisha. Akanionyesha kichupa kilichosimama tangu jana. "Hii ni ya mtu mwenye afya. Ina dawa ya kuizuia isigande, ndiyo maana imejipanga yenyewe."

Jamani, dada, damu si nyekundu! Yaani nyekundu ipo, lakini imekaa chini kama tope la mtoni, na juu yake kuna maji ya njano, zaidi kidogo ya nusu ya kichupa. Maji hayo wanaita plazma. Ndiyo barabara ya kila kitu: chakula, chumvi, dawa, joto, na taka zinazopelekwa kwenye figo. Zile nyekundu kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni. Na katikati, baina ya njano na nyekundu, kuna mstari mweupe mwembamba kama uzi wa kushonea. Wewe ungeuona kabla yangu.

"Kwenye uzi huo," Bwana Mbu akasema, "wamo weupe na sahani. Watu husema weupe ni askari. Mimi naona ni wafagiaji, uchafu wanaula wenyewe. Na sahani ni mafundi wa viraka."

Watu wa kazi yako, dada.

Kisha akaweka pembeni kichupa cha Chiriku. Nyekundu kidogo tu chini. Uzi haupo. Niliutafuta mpaka mdogo akaanza kunivuta nywele. Haupo.

"Nachota," akasema, "kwa sababu ya kuutafuta huo uzi."

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe kaja na chupa nzima ya juisi ya bitiruti. "Damu ni nyekundu, mwanangu. Apewe vyekundu." Chiriku akauliza, "Bibi, nikila mchicha nitakuwa na damu ya kijani?" Kicheko kikampalia, juisi ikamwagika kwenye shuka, sista akaja mbio na pamba akidhani mtoto anatapika damu. Mama mkwe kaondoka amenuna. Nimefua shuka mara tatu.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimekwenda benki ya damu, ng'ambo ya daraja, kutoa ya kwangu. Nilikukumbuka wewe uliyeruka dirisha la darasa siku ya chanjo, ukaacha kiatu. Walinichoma kidole, wakadondosha tone kwenye glasi ya maji ya bluu. Tone likizama, damu yako ni nzito, unatoa. Likielea, unarudi nyumbani.

Langu likaelea, dada. Likakaa palepale juu kama linanicheka.

"Na unanyonyesha?" yule dada wa mapokezi akauliza. "Rudi ukale maharage na nyama, mama. Huwezi kumimina kutoka kwenye sufuria tupu." Kanipa vidonge vya madini ya chuma, kaniandikia kundi langu, B. Sawa na Chiriku, na sawa na wewe. Kadi yako ya kliniki si ninayo mimi kwenye bahasha ya vyeti?

Nilirudi kwa miguu nimeyakasirikia maharage, na nyama, na mwili wangu.

Ijumaa, 21 Machi

Baba Chiriku kaleta mfuko mwekundu kutoka benki, ndani ya sanduku lake la barafu. Unamjua fundi friji yule: kalitengeneza mwenyewe, kuta mbili, mfuniko wa mpira, kipimajoto kimechomekwa ubavuni. Bwana Mbu kalikagua, kasema, "Nyuzi nne. Safi sana, fundi." Mume wangu kavimba kichwa, hapitiki mlangoni.

Hajui nisemavyo moyoni. Wiki ile ya kwanza yeye na mafundi wenzake kumi na mmoja walikwenda kutoa damu siku moja, kwa nyimbo, kama wanakwenda mpirani. Tulifurahi. Hakuna aliyewaza kupanga zamu. Sasa wote hawaruhusiwi mpaka miezi mitatu ipite, na Chiriku anahitaji kila wiki.

Jumatatu, 24 Machi

Nimegundua kitu nikiwa nafua nepi. Bwana Mbu alishanitajia umri wao. Nyekundu huishi kama miezi minne. Sahani siku nane, kumi. Weupe wengi ni wa saa chache, wakizidi sana siku moja mbili. Basi nikawaza: kiwanda kikifungwa leo, nani ataisha kwanza?

Nikamfuata maabara na mikono yenye povu. "Weupe waliisha kwanza, ndiyo homa na vidonda. Zikafuata sahani, ndiyo zile alama. Nyekundu zikachelewa, ndiyo maana kupauka kulikuja mwisho. Ugonjwa ulikuja kwa mpangilio, sikujua kuusoma."

Akaweka kalamu chini. "Nani kakwambia?"

"Nepi."

Nilisoma miaka michache, dada, na kuhusu damu nakumbuka moyo wa chaki ubaoni tu. Leo nimetembea kwenye korido kama mtu mwenye cheti.

Jumatano, 26 Machi

Mfuko wa njano umeletwa na gari la hospitali kama kawaida, lakini leo mama mkwe alikuwepo. "Hii ni damu au mmemtundikia supu?" Nikamweleza: ni sahani ndani ya plazma, zinaishi siku tano tu zikiwa kwenye mfuko, na kule benki zinalala kwenye kabati linalotikisika usiku na mchana zisije zikashikana. Akasikiliza mpaka mwisho. "Yaani zinabembelezwa?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe ni watoto." Tangu hapo kila mfuko ukitundikwa anausemesha. Bitiruti ananiletea mimi.

Jumapili, 30 Machi

Mvua siku ya nne. Mfereji wa dirishani umevunjika, unatona kwenye ndoo. Sahani elfu tano.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekaa sasa, mtoto kalala, naandika huku mkono mmoja uko puani kwake.

Asubuhi Chiriku aliamka na damu kwenye mto. Pua. Si nyingi, tone, tone, lakini haikomi. Sahani elfu nne. Daktari akasema apate mfuko wa njano leo leo, na wa nyekundu pia. Gari la hospitali limekwama tangu jana ng'ambo ya daraja. Baba Chiriku akasimama. "Nitakwenda mimi." Akabeba sanduku lake akatoka kwenye mvua, ilikuwa saa mbili.

Saa sita hajarudi. Saa nane hajarudi. Mimi nimembana pua, sista anabadilisha pamba, Chiriku anaongea kwa sauti ya puani kama tarumbeta: "Mama, pua yangu na mfereji wa dirishani, nani atamaliza kwanza?"

Saa tisa akaingia, ameloa mpaka kwenye mifupa, viatu kavishika mkononi, anatabasamu. "Nimeifikisha yote miwili salama. Baridi kama ndiyo imetoka sasa hivi."

Nilimwona Bwana Mbu anafungua sanduku. Nyekundu akaipitisha. Alipogusa wa njano akasimama. Akautoa kwenye barafu, akauinua dirishani, akauinamisha polepole kushoto, kulia. Alishanionyesha: mfuko mzima ukiuinamisha kwenye mwanga, ndani yanazunguka mawingu membamba yanayometameta, kama moshi. Huu ulikuwa umetulia kama maji ya kuoshea mchele.

"Fundi," akasema, "hukuambiwa?"

"Niliambiwa." Mume wangu tabasamu lilikuwa limeshamtoka. "Walisema wa njano usiguse barafu. Nikaubeba mkononi mpaka darajani. Wakafunga njia, maji yamepanda. Saa tatu, mzee. Nikawaza utaharibika. Mimi kila kinachotaka kuharibika nakipoza. Ndiyo kazi yangu."

"Huu ukipoa, sahani zinageuka umbo. Nikimwekea, mwili wake utaziondoa upesi, hazitaziba kitu. Siwezi kumwekea."

"Wa pili?" nikauliza.

"Waliotoa leo, damu yao ipimwe, izungushwe, itenganishwe. Keshokutwa."

Dada, nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayaandika. Nilisema mbele ya sista, mbele ya mama mkwe, mbele ya wodi nzima. Alikaa sakafuni karibu na kitanda, maji yanamchuruzika, sanduku amelipakata. Chiriku ndiye aliyeongea. "Baba usilie. Hata mimi nilidhani zinapenda barafu."

Ijumaa, 4 Aprili

Inatona bado. Vidole vimekufa ganzi. Sista kanifundisha kubana pale panapolainika, si juu kwenye mfupa, na kichwa kiinamie mbele.

Jumamosi, 5 Aprili

Alikuja saa saba. Nikamsikia kabla sijamwona, maana wagonjwa wa korido walikuwa wanacheka. Fundi friji anatembea kama mwanamke mwenye mtoto asiyetaka kulala, sanduku kifuani, anayumba kushoto, anayumba kulia. Alikuwa kalifumua lile sanduku jana kutwa. Barafu hakuna. Ndani kaweka chupa za maji ya kawaida, kafunika taulo la mdogo, na kipimajoto kasogeza kikae karibu na mfuko.

"Nyuzi ishirini na mbili," akasema. Hakunitazama mimi, alimtazama Bwana Mbu. "Toka benki mpaka hapa hazikupanda, hazikushuka. Na sikuacha kuutikisa, mzee, hata darajani."

Bwana Mbu akauinua dirishani. Akauinamisha.

Moshi, dada. Moshi mzuri unaometameta.

Saa kumi pua ilikuwa imekauka. Nikaondoa mkono wangu, nikabaki nimeushika hewani, sijui pa kuuweka.

Jumatano, 9 Aprili

Nimempikia chai Baba Chiriku kwenye jiko la wageni. Tulikaa kwenye benchi.

"Ulisema mimi nimeua," akasema.

"Nilisema."

"Unaamini?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba mwezi mmoja nyuma, ningekuwa mimi pale darajani, saa tatu, mfuko mkononi, ningeutia kwenye barafu hata kabla yake. "Ila uliambiwa, na hukusikia. Siku nyingine ukiambiwa, sikia, hata kama anayekuambia haijui baridi kama wewe."

"Nimesikia, mama Chiriku."

"Na mimi sikupaswa kusema vile."

Akanywa chai. "Bwana Mbu anataka nimtengenezee masanduku mawili kama lile. Fundi wa baridi natengeneza sanduku la kuzuia baridi. Wenzangu wakisikia watanifukuza gereji."

Alhamisi, 17 Aprili

Homa tangu juzi. Wafagiaji hawapo, taka zimejaa. Dawa inaingia kwa mrija. Naiona inavyotona na najua sasa inakwenda wapi, inaingia kwenye yale maji ya njano, inazungushwa mwili mzima. Zamani ningeomba tu huku nimefumba macho. Sasa naomba nikiangalia.

Chiriku hasemi. Hiyo ndiyo inayonitisha.

Jumapili, 20 Aprili

Kauliza mbu ana damu ya nani. Homa imeshuka.

Jumanne, 29 Aprili

Bwana Mbu kaja bila sindano. "Mama Chiriku, acha hiyo nepi."

Akanikalisha mbele ya hadubini. Mara ya kwanza niliona kope zangu tu. Kisha nikaona: chembe nyekundu, duara, zimebonyea katikati kama maandazi yaliyokaliwa. Nyingi ni za watu, za wale mafundi, za wageni nisiowajua. Nilizisalimu.

"Nimezipaka rangi. Tafuta zenye vijinyuzi vya bluu ndani."

Nikatafuta. Mdogo analia mgongoni, nikamtikisa kama mfuko. Nikaiona moja. Nyingine. Ya tatu.

"Hizo ni changa," akasema. "Za watu, kwenye mfuko uliokaa wiki tatu friji, changa zimeshakomaa. Hizo zimetoka mfupani mwake. Wiki iliyopita hakukuwa na hata moja."

Niliendelea kuangalia mpaka jicho likaniuma, nikaogopa nikiondoka zitapotea.

Tuliporudi wodini Chiriku akauliza kuna nini. Bwana Mbu akamwambia, "Kiwanda chako kimefungua dirisha moja." Halafu akacheka, dada, mzee yule, mpaka mabega yakatikisika. Chiriku akapiga kelele: "Mama! Bwana Mbu ana meno!"

Jumanne, 6 Mei

Mvua zinapungua. Daktari kaniita leo, na nilikwenda na kalamu. Nyekundu changa zinapanda. Weupe wamerudi, si wengi, lakini wanafagia. Sahani bado, elfu tisa. Anasema hizo huwa za mwisho kurudi, labda wiki sita, labda nane, na Chiriku hasafiri kwenda popote, anabaki hapa na mimi. Ila mpaka zirudi, kila wiki lazima upatikane mfuko wa njano, na watoaji wa kundi B hapa wamebaki wachache.

Jana nilipima tena. Tone langu halikuelea. Lilishuka hadi katikati, likasita, likapanda. Dada wa mapokezi kasema nirudi mwezi ujao. Bitiruti na maharage si haba.

Fundi mwenzake Baba Chiriku anakuja huko kwenu kesho, ndiye aliyebeba daftari hili. Atarudi Jumapili. Vitu ninavyohitaji bado ni hivi:

Mswaki laini kabisa, ule wa watoto wachanga, mmoja. Fizi zake hazihimili mwingine.

Vitambaa vya pamba, sita. Vyeupe. Usiniletee vya maua, nataka nikiona tone nilione.

Suruali mbili za Chiriku, uzishone wewe, magotini uweke sponji nene kwa ndani. Ameanza kushuka kitandani, na siwezi kumfunga kamba.

Daftari jingine. Hili nimeandika mpaka kwenye jalada.

Na wewe mwenyewe, dada, pamoja na mkono mmoja, wowote unaoutaka. Uje umelala, umekula, umekunywa maji mengi, na kuanzia leo usimeze aspirini, inawalegeza mafundi wa viraka. Nimeshaandikisha jina lako, Jumatatu, saa tatu asubuhi. Sindano ni moja tu na nitakushika mkono. Chumba kina dirisha, ndiyo, lakini nimekwenda kuliangalia mwenyewe. Lina nondo.